Mkono wa Mhimilishaji ni Mali ya Chama

Hotuba iliyosomwa na Katibu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



 Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za maziwa yaliyopokelewa vituoni, habari za mikopo, na habari za hesabu zilizokaguliwa. Yote hayo ni mambo ya kufurahisha, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Sisi twapenda kusema juu ya kitu kimoja kisichoandikwa katika daftari lolote la hesabu, nacho ni mkono wa mhimilishaji.

Kila ndama aliyezaliwa kwa mbegu ya mrija katika vijiji vyetu muda wa miaka hii kumi alianzia katika mkono wa mtu. Mwenye ng'ombe humwona ndama, humwona mtamba akikua, huona maziwa yakimiminwa katika ndoo. Lakini mkono ulioanzisha mambo hayo haukumbukwi, wala haulizwi kama wauma. Wazee walinena, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Leo twataka kueleza jinsi vinavyoundwa, na gharama yake katika mwili wa yule anayeviunda.

Huenda wako watakaoona haya kusikia habari za maungo ya ng'ombe zikitajwa mbele ya wakwe na wageni. Twawaomba radhi. Lakini wazee hao hao walisema, "Mficha uchi hazai." Mfugaji anayeona haya kutaja mambo ya uzazi wa mifugo yake hatapata ndama, na chama kinachoona haya kuyazungumza hakitapata maziwa.

Kazi hii ya kupandikiza mbegu si ngeni duniani. Katika mwaka 1780 mtaalamu mmoja wa Italia, jina lake Lazzaro Spallanzani, alifaulu kumpa mbwa jike mimba pasipo kumkutanisha na dume. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ilya Ivanov wa Urusi aliigeuza elimu hiyo kuwa kazi ya kufaa mashambani. Lakini jambo la kutupendeza zaidi sisi wanaushirika ni hili, kwamba walioieneza kazi hiyo kati ya watu wa kawaida walikuwa wakulima wenye vyama. Mwaka 1936, katika kisiwa cha Samsø nchini Denmark, wafugaji waliunda chama cha ushirika kwa ajili ya kuhimilisha ng'ombe wao. Mwaka 1938 wakulima wa jimbo la New Jersey huko Marekani wakaiga mfano huo na kuunda chama chao. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu hawezi kununua dume bora peke yake, wala kumlisha. Lakini wafugaji wengi wakiungana waweza kuitumia mbegu ya dume aliye mbali nao kabisa.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kituo cha Kabete karibu na Nairobi kilianzishwa mwaka 1946. Miaka mitatu baadaye, yaani 1949, wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba mbegu iliyochanganywa na gliserini yaweza kugandishwa kwa baridi kali bila kufa. Tangu hapo mbegu ikaweza kutunzwa kwa miaka mingi na kusafirishwa popote. Sisi katika Tanzania twategemea Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, mkoani Arusha, ambako mbegu hutayarishwa na mafundi hufundishwa.

Sasa twaomba mwangalie jambo moja. Njia ya kuishika shingo ya kizazi kwa mkono ulioingizwa katika utumbo wa ng'ombe ilianza kutumiwa na madaktari wa mifugo wa Denmark mnamo mwaka 1937. Tangu wakati huo mbegu imeboreshwa, mrija umeboreshwa, na mtungi umeboreshwa. Mkono haukuboreshwa. Mhimilishaji wetu wa leo, ijapokuwa aja kwa pikipiki na simu imo mfukoni, huingiza mkono wake vile vile kama walivyofanya wale wa kwanza, na bega lake lachoka vile vile.

Yafaa basi tueleze kazi yenyewe. Mhimilishaji akifika bandani huuliza kwanza habari za ng'ombe: alizaa lini, alionekana na joto saa ngapi, na kama alipata kutupa mimba. Huondoa pete na saa, na kucha zake sharti ziwe zimekatwa. Huvaa glavu ndefu inayofika begani na kuilainisha. Kisha hukusanya vidole vyake pamoja hata vikawa na ncha moja, na kuingiza mkono wa kushoto taratibu katika njia ya haja kubwa ya ng'ombe. Hukitoa kinyesi kilichomo. Humo ndani macho hayana kazi. Vidole ndivyo vinavyoona. Huitafuta shingo ya kizazi, ambayo iko chini ya ukuta wa utumbo, nayo hujulikana kwa ugumu wake, akaishika kama mtu ashikavyo shingo ya kuku.

Kwa mkono wa kulia hupitisha ukeni chombo chembamba cha chuma chenye mrija wa mbegu, mpaka kifike kwenye mlango wa shingo ile. Ndani ya shingo mna mikunjo migumu mfano wa pete, aghalabu 3 au 4, na kila pete hukizuia chombo. Hapo asiyejua husukuma kwa nguvu. Fundi hasukumi. Mkono wa kushoto ndio unaoiinua shingo, kuipinda, na kuivuta ije juu ya chombo, pete moja baada ya nyingine. Chombo kikitokea tu upande wa pili, husimama hapo hapo na kuisukuma mbegu polepole. Mbegu yenyewe ni robo au nusu ya mililita, pungufu ya kijiko kidogo cha chai. Mahali pake ni padogo kama ncha ya kidole. Ikimwagwa kabla ya kupita shingo, nyingi hupotea. Chombo kikipita mno, chaweza kuujeruhi mfuko wa uzazi.

Mambo hayo yasimuliwapo huonekana mepesi, na kwa ng'ombe mtulivu fundi mzoefu huyamaliza kwa dakika chache. Lakini utumbo wa ng'ombe si mfuko mtupu, bali ni msuli wenye nguvu. Mara kwa mara hujikaza kwa mawimbi, na kila wimbi huubana mkono tangu kiganja hata juu ya kiwiko. Vidole hufa ganzi, na kile kilichokuwa kimeshikwa hakisikiki tena. Mhimilishaji akishindana na wimbi hilo kwa nguvu, atachoka yeye kabla ya ng'ombe, tena aweza kuuchana ukuta wa utumbo. Sharti anyooshe vidole, atulie, angoje wimbi lipite, ndipo ashike tena. Na wakati wote huo mkono wa kulia hauna ruhusa ya kutikisika.

Twatazame na mwili uliobaki. Mguu mmoja huwekwa mbele na mwingine nyuma, na mgongo hupindwa upande. Ng'ombe akiwa mrefu, kama walivyo wengi wa Friesian, bega huinuliwa juu ya mahali pake pa kawaida na uzito wa mkono huning'inia shingoni mwa fundi. Ng'ombe akiwa mfupi, kama Jersey au chotara wa ng'ombe wetu wa asili, fundi huinama, na kiuno ndicho kinacholipa. Sakafu ikiwa ya utelezi, miguu nayo hufanya kazi ya kumzuia asianguke. Ng'ombe akisogea hatua moja kwenda kushoto, bega humfuata kwa lazima, maana mkono umo ndani. Wanafunzi wa kazi hii, katika siku zao za kwanza, hurudi jioni mkono wa kushoto ukiwa hauwezi hata kushika kikombe. Na uchunguzi uliofanywa kwa madaktari wa mifugo katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wale wanaopima ng'ombe wengi kwa mkono hupatwa sana na maumivu ya bega, shingo, kiwiko na mgongo, na wengine maumivu hayo huwafuata hata uzeeni.

Tusisahau kwamba mkono huo huo ndio unaotumika kupima mimba miezi michache baadaye, na ndio unaoitwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa. Mkulima ana siku ya jembe na siku ya kuuza mazao. Mkono wa mhimilishaji una kazi moja ile ile mwaka mzima, kwa sababu ng'ombe hawana msimu.

Wako wanaodhani kwamba kazi hii yataka mtu mwenye mabavu, na kwa hiyo si kazi ya wanawake. Dhana hiyo si kweli. Hakuna mwanamume mwenye nguvu za kumshinda ng'ombe. Kinachotakiwa ni mkono mwepesi, uvumilivu, na mwili uliozoezwa kukaa katika hali moja bila kutumia nguvu bure. Twawaomba wanachama, kijiji kikitakiwa kuteua kijana wa kufundishwa, wawafikirie mabinti zetu pia. Nyumba nyingi za kwetu mama ndiye anayekata majani, ndiye anayekamua, na ndiye wa kwanza kuona kwamba ng'ombe ana joto. Hatuoni sababu ya elimu kuishia mlangoni pa banda.

Kazi haianzi bandani. Mbegu hukaa katika mtungi wenye naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Tone lake likiingia katika kiatu au katika glavu huichoma ngozi kama moto. Lita moja ya maji hayo ikigeuka hewa hujaza nafasi ya lita karibu 700, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Kwa hiyo mtungi ukiwekwa katika chumba kilichofungwa waweza kuifukuza hewa njema, na mtu akazimia bila kujua sababu. Mtungi huo mhimilishaji huufunga nyuma ya pikipiki na kupanda nao njia za milimani, wakati wa masika zikiwa tope na wakati wa kiangazi zikiwa vumbi na mawe. Pikipiki isipoweza kupita, huubeba begani. Ni bega lile lile.

Tena kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Ziko homa zitokazo kwa ng'ombe na kumwingia mtu, na iliyo mbaya kwetu ni brusela, ile inayotupa mimba za ng'ombe. Humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, na humwingia kwa maji maji ya uzazi na kondo la ng'ombe mgonjwa. Mtu aliyepatwa nayo huwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo yanayoweza kudumu miezi mingi. Mhimilishaji akiingiza mkono kwa ng'ombe aliyetupa mimba, na mwenyewe akamficha habari hiyo kwa kuogopa ng'ombe wake kusemwa vibaya, amempeleka mwenzake vitani bila ngao. Glavu ni kinga, lakini glavu huchanika.

Hatutaji kijiji wala jina la mtu, maana hatukuja hapa kulaumu. Lakini wengi wenu mwakumbuka habari ya mhimilishaji wetu mmoja aliyeitwa kwa mwanachama ambaye hakuwa na kibanio wala nguzo. Ng'ombe alifungwa kwenye mgomba. Mkono ulipokuwa ndani, ng'ombe alishtuka, akaung'oa mgomba na mizizi yake, akageuka. Kiwiko cha fundi kilipinduka. Kwa majuma kadhaa hakuweza kushika hata usukani wa pikipiki. Katika majuma hayo ng'ombe wa vijiji vyake walipata joto likapita, simu zikapigwa na hazikupata wa kuja. Mgomba mmoja ulitosha kuyanyima mabanda mengi ndama zao. Hapo ndipo Kamati ilipoona kwa macho yake kwamba mkono ule haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulikuwa mali ya Chama.

Sasa twaomba tufanye hesabu ndogo, ili kila mwanachama aone sehemu yake. Ng'ombe huchukua mimba kwa siku 283 hivi. Mwaka una siku 365. Ukitaka ng'ombe azae kila mwaka, zabaki siku 82 tu tangu kuzaa mpaka ashike mimba nyingine. Lakini hapaswi kupandishwa mara akiisha kuzaa, kwa sababu mfuko wa uzazi wahitaji kupona. Wengi hushauri angojewe mpaka siku 60. Toa 60 katika 82, zabaki 22. Na joto la ng'ombe huja kila siku 21, likitangulia au likichelewa siku chache. Basi katika nafasi hiyo ng'ombe ana joto moja, au akibahatika, mawili. Joto hilo moja likipotea kwa sababu fundi alifika na mkono uliochoka, au kwa sababu ng'ombe hakuzuiwa vizuri, mwenye ng'ombe amelisha majani ya siku 21 bure. Wala hasara hiyo hailetwi na ofisi yetu, wala na kituo cha mbegu. Huanzia bandani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta mbele ya mkutano huu mambo manne.

La kwanza ni kibanio. Twaomba kila chama cha msingi kihakikishe kwamba wanachama wake wana mahali pa kumzuia ng'ombe mmoja asigeuke wala kupiga teke. Si jengo la fahari. Nguzo imara zilizochimbiwa, boriti za pembeni, upana wa karibu sentimita 70, urefu wa mita 2 hivi, na paa la kuzuia mvua na jua. Sakafu iwe kavu na yenye kukwaruza. Boriti ya nyuma, ikiwako, iwe chini na iwe ya kuondoka upesi. Isiwe kamwe usawa wa mkono wa fundi, maana ng'ombe akiketi ghafula mkono ukiwa ndani, mfupa utavunjika juu ya boriti hiyo. Majirani watano wanaweza kujenga kibanio kimoja kwa miti ya mashamba yao wenyewe na kazi ya siku mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La pili ni wito wa wakati. Ng'ombe wetu hufungwa bandani, na aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda. Kwa hiyo dalili zake ni za kutazamwa. Hulia bila sababu, hatulii, hupunguza maziwa, uke huvimba kidogo, na ute mwangavu huning'inia kama uzi. Akionekana hivyo asubuhi, ahimilishwe jioni ya siku ile; akionekana jioni, ahimilishwe asubuhi ya kesho. Mwanachama apige simu mara aonapo dalili, asingoje mpaka amalize shughuli zake. Mhimilishaji akijua asubuhi nani wote wanaomhitaji jioni, ataipanga safari yake kwa njia moja, wala hatapanda mlima ule ule mara tatu. Na ukiona damu kidogo siku ya pili au ya tatu baada ya dalili, fahamu kwamba wakati umekwisha pita. Usimwite. Andika tarehe, uhesabu siku 21 tangu siku ya joto, ukae macho. Kumwita kwa ng'ombe ambaye wakati wake umepita ni kuutumia mkono bure na kuilipia mbegu ya kumwagwa. Kadhalika ng'ombe asifukuzwe wala kupigwa kabla ya kuhimilishwa, kwa maana hofu huipunguza nafasi ya kushika mimba. Afungwe mapema, apewe majani, atulizwe na mtu anayemjua.

La tatu ni ukweli. Kila mwanachama awe na daftari la ng'ombe wake, hata kama ni karatasi iliyobandikwa mlangoni, nayo ionyeshe siku aliyozaa, siku za joto, siku aliyohimilishwa, na mimba iliyotoka kama ipo. Mwenye ng'ombe aliyetupa mimba asifiche. Tena maji ya vuguvugu na sabuni viwe tayari fundi afikapo. Hatuwezi kumwambia mtu atie mkono wake kwa ajili yetu, kisha tukamnyima maji ya kunawa.

La nne ni fedha, nalo ndilo gumu. Kamati yapendekeza kwamba sehemu ya ziada ya mwaka huu isigawanywe kwa wanachama, bali itumike kufundisha wahimilishaji wengine na kununua glavu, viatu vya mpira na mavazi ya kazi, ili kila fundi awe na mwenzake wa kumpokezana na kila mmoja apate siku ya kupumzika. Twajua wako wanachama wanaosema kwamba wahimilishaji hulipwa, na kwamba anayelipwa hana haki ya kulalamika. Twajua pia kwamba ziada ni jasho la mkulima, na ada za shule hazingoji. Maneno hayo si ya kupuuzwa, nasi hatuyapuuzi. Ndiyo maana Kamati haikutaka kuamua jambo hili ofisini, bali imelileta kwenu.

Lakini twaomba mpime. Ada anayolipa mwanachama hulipia mbegu, petroli na saa ya fundi. Hailipii bega litakaloharibika baada ya miaka. Fundi akipata ujuzi, anakuwa bora zaidi kila mwaka: vidole vyake hutambua upesi, mkono wake haukosi mahali. Ndipo mwili unapoanza kumwacha. Tukimtumia mmoja mpaka aishe, tutampoteza wakati ule ule ambapo elimu yake imekomaa, naye ataondoka nayo. Tukimpa mwenzake, atafanya kazi miaka mingi zaidi, na siku za uzee wa kazi yake atasimama kando ya kijana na kumwambia, "Usisukume, ngoja." Neno hilo moja laokoa mbegu nyingi kuliko mtungi mpya.

Hatutaki mtu afikiri kwamba twawaonea wahimilishaji huruma tu. Wao wenyewe hawaombi huruma. Tumewauliza kwa nini wanaendelea, nao hujibu kwa namna moja: kwamba hupita barabarani wakaona mtamba akila majani, wakamjua. Mwenyewe amjua kwa rangi. Wao wamjua kwa siku waliyomtafutia nafasi katika giza kwa ncha za vidole. Hiyo ni fahari ya haki, na si kazi yetu kuipunguza. Wazee walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Mhimilishaji huvua pete yake kila asubuhi ili vidole vyake vitufae. Basi pete yake na iwe kibanio imara, simu ya mapema, neno la kweli, na mwenzake wa kumpokea.

Miaka kumi iliyopita tuliungana ili maziwa yetu yapate soko. Tulijifunza kwamba ndoo ya kila mmoja, ijapokuwa ndogo, hulijaza tangi ikiunganishwa na nyingine. Kwa miaka inayokuja twaomba tujifunze la pili, ya kwamba na mizigo yaweza kuunganishwa. Uzito ulio juu ya bega moja ukigawanywa kwa nguzo za wanachama wote, hautamvunja mtu.

Bwana Mwenyekiti, kura itapigwa baada ya chakula cha mchana. Twawaomba wajumbe, kabla ya kuinua mikono yenu, mkumbuke ni mkono gani mnaouamulia.